Waraka wa Nusu Mwaka

Kwanza niseme kwamba katika nchi yetu hakuna tatizo la ajira kwa wahitimu wa vyuo vikuu vya umma. Najua kwa sababu jalada lenyewe nimelibeba kwa mikono yangu kutoka ghorofa ya pili hadi ya tano, na juu yake imeandikwa kwa wino mwekundu: TATIZO LA AJIRA – HALIPO – LIMEFUNGWA. Lilikuwa na uzito wa kama kilo nane. Mimi si mtu wa kuuliza kwa nini kitu kisichokuwepo kinanivunja mgongo.

Naitwa Chembera, tarishi wa Wizara ya Vyuo Vikuu, Ajira na Matumaini. Nimeitumikia miaka ishirini na saba, tangu ilipokuwa ya Vyuo Vikuu peke yake. Ajira iliongezwa baada ya ghasia za kwanza, na Matumaini baada ya ghasia za pili. Kazi yangu ni kuchukua karatasi hapa na kuifikisha pale, na anayeipokea hutia saini katika daftari langu: siku, saa na mahali. Nina madaftari arobaini na moja, yote nimeyafunga kwa kamba na kuyapanga chini ya meza. Hakuna aliyewahi kuniomba hata moja mpaka alipokuja yule binti.

Jina la nchi sitalitaja, maana kwa sasa liko kwenye kamati. Anayedhani anaijua, basi anaijua yeye. Mimi sijasema kitu.

*

Homa ilipoingia nchini, Waziri wetu, Mheshimiwa Hermenegild Kasikila, alilihutubia taifa akasema Homa haipo. Kesho yake akahamia kwenye nyumba yake ya mlimani, akafunga geti kwa makufuli matatu, na huko akakaa miaka miwili. Vyuo vikuu vyote vya umma vikafungwa. Wanafunzi waliambiwa warudi makwao wakasome kwa simu, na asiye na simu aazime, na asiye na wa kumwazima awe mzalendo.

Kazi za wizara hazikusimama. Kila asubuhi nilipanda mlima kwa baiskeli, furushi la barua mgongoni. Mheshimiwa hakutaka kugusa karatasi iliyoguswa na mtu, basi akabuni chombo. Alichukua ubavu wa kasha la maji ya chupa, akakata tundu lenye ukubwa wa kibiriti, akaagiza kila karatasi ifunikwe na kadibodi hiyo, tundu likae juu ya mahali pa saini. Hivyo aliweza kutia saini bila kuigusa karatasi, na bila kuiona. Chombo hicho kikaitwa Dirisha. Karatasi zilipita chini ya geti, zikarudi zimesainiwa, na daftari langu nalo likapita hivyo hivyo na kurudi na saini yake mwenyewe: imepokelewa nyumbani kwa Waziri, mlimani, saa tatu asubuhi.

Homa ikaisha. Wengine tuliwazika, wengine walipona, na Mheshimiwa akashuka mlimani amenenepa. Lakini Dirisha halikuondoka. Alikuwa amegundua kwamba kiongozi asiyesoma anaweza kusaini karatasi mia mbili kabla ya chai ya saa nne, na jambo hilo likatangazwa katika mkutano wa kimataifa kuwa ni mageuzi ya utumishi wa umma. Wakurugenzi wakajikatia Madirisha yao, madogo kidogo kwa ajili ya heshima. Ikawa kazi yangu kuyaweka mahali pake, kwa sababu fomu zote za serikali yetu zina mahali pawili pa kusaini. Mstari wa juu ni wa kukubali, wa chini ni wa kukataa.

*

Sasa nimlete huyo binti. Anaitwa Sikudhani Mbwilo. Alisomea utunzaji wa kumbukumbu katika Chuo Kikuu cha Umma cha Tatu (vyuo vyetu vina namba tu, kwa kuwa kila jina lililopendekezwa lilikuwa la shemeji wa mtu). Alianza chuo akiwa amechelewa, maana miaka ya mwanzo alikuwa akimsaidia mama yake kushona sare za shule. Homa ilimkuta mwaka wa tatu. Mama yake akauza cherehani, akamnunulia simu ya kusomea. Tangu siku hiyo mama yule anashona kwa mkono.

Mtaani kwao mtandao ulipatikana juu ya mnara wa tangi la maji tu. Sikudhani alipanda kila siku, akasikiliza mihadhara akiwa ameshika bomba kwa mkono mmoja, na mitihani akaifanyia huko huko juu. Mahafali yalifanyika redioni. Majina yalisomwa haraka, na la kwake lilipofika likakatwa na tangazo la sabuni ya unga. Mama yake hata leo husema alilisikia.

Wahitimu wakaingia mtaani kutafuta kazi, na wenye kazi wakawakataa. Gazeti moja lisilo na adabu likauliza kwa nini. Wizara haikulala. Iliunda Kamati ya Wataalam wa Kuajirika, ikaipeleka kwenye hoteli ya ziwani kwa siku arobaini, na Kamati ikarudi na rangi nzuri na jibu moja: kosa ni la wahitimu. Walisomea nyumbani. Elimu, ilisema ripoti, hupenya mwilini kupitia ukuta wa darasa, na mtu aliyekaa mbali na ukuta hupata nusu yake.

Siku ya kuandika Waraka Namba 19 nilikuwepo, nimesimama pembeni na daftari langu. Mheshimiwa alisema neno, mwanasheria wa wizara akaandika.

"Wanafunzi wote waliosomea nyumbani," alisema Mheshimiwa, "mwaka wao mmoja uhesabiwe nusu."

Mwanasheria akakuna kidevu. "Mheshimiwa, tukiwataja wanafunzi peke yao watakwenda mahakamani waseme wamebaguliwa."

"Mimi mbaguzi?"

"Hapana Mheshimiwa. Ila ndivyo watakavyosema."

"Basi andika mtu yeyote. Iwe ya watu wote. Nani atalalamika?"

Ikaandikwa hivi: Mtu yeyote ambaye wakati wa Homa alitekeleza wajibu wake akiwa nyumbani, kila mwaka wake mmoja utahesabiwa kuwa nusu mwaka. Nikaweka Dirisha, akasaini. Halafu akaagiza chapati.

*

Hesabu ilikuwa rahisi. Miaka minne ya chuo, miwili ya nyumbani ikawa mmoja, jumla mitatu. Mhitimu alikuwa anamiliki robo ya cheti isiyo yake. Kwa hiyo vyeti vyote vya wakati wa Homa vikaitwa kwenye uwanja wa mpira kupunguzwa, na serikali ikaagiza mkasi maalum kutoka nje.

Sikudhani alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alifika alfajiri kwa sababu aliamini, kama mtu mwenye akili yoyote angeamini, kwamba ukiwahi utaelezwa sababu. Mheshimiwa alivaa suti ya bluu, akasimama mbele ya kamera, akatoa hotuba. Nainukuu kama ilivyo, maana nilibeba nakala zake.

"Ndugu wahitimu! Taifa haliwanyang'anyi kitu. Taifa linawapunguzia mzigo. Cheti chepesi ni rahisi kubeba mnapozunguka kutafuta kazi. Mimi mwenyewe nawaonea wivu."

Watu wake wakapiga makofi. Akachukua cheti cha Sikudhani, akakikata kona ya chini kulia, na kona hiyo ikaanguka na muhuri wa chuo na nusu ya jina la binti. Akamwangalia usoni.

"Binti, usilie."

"Silii, Mheshimiwa," alisema Sikudhani. "Naangalia mkasi."

Mheshimiwa akacheka, akampigapiga begani, na picha hiyo ikatoka kwenye kalenda ya wizara, mwezi wa Machi. Nilimwona yule binti akiondoka uwanjani ameshika robo tatu ya cheti kwa vidole viwili. Kona zilizokatwa zilijazwa kwenye magunia, na magunia nikayapeleka stoo. Baada ya muda watumishi walianza kuzichukua kuwekea vikombe vya chai ili meza zisipate alama.

*

Serikali yetu haimwachi mtu hivi hivi. Kila aliyepunguziwa mwaka aliruhusiwa kuufidia kwa Uanagenzi wa Kitaifa, yaani mwaka mzima wa kufanya kazi katika ofisi ya umma bila mshahara, bila nauli na bila kiti. Mitaani waliuita kujitolea. Mwisho wa mwaka msimamizi anasaini fomu, juu ANA UZOEFU, chini HANA UZOEFU, ARUDIE. Ukisainiwa juu unarudishiwa mwaka wako na unaweza kuomba kazi, alimradi hujafikisha miaka thelathini. Aliyefikisha thelathini serikali haimwajiri kamwe. Inamhesabu kuwa amejiajiri, na takwimu za kujiajiri nchini kwetu ni nzuri mno.

Sikudhani aliletwa kwetu akiwa anakaribia kutimiza miaka ishirini na minane, akawekwa masjala chini ya Bwana Ndelembi, Mkurugenzi wa Kuajirika. Bwana huyu alikuwa na chati ukutani yenye mstari uliopanda kuelekea dari. Mstari ulipofika mwisho wa karatasi alibandika nyingine, na wakati huo ninaousimulia mstari ulikuwa umeshaingia korido.

Alimpa binti kazi za kujenga uzoefu. Kuchemsha chai, tangawizi nyingi, sukari kijiko kimoja na nusu. Kununua vocha. Kumfanyia mtoto wake kazi za shule, ambaye mwaka huo akashika namba mbili darasani. Muda uliobaki Sikudhani aliingia masjala. Alikuta majalada yamelundikwa hadi dirishani, panya wamezaa ndani ya Sera ya Taifa ya Vijana, na katika miezi kumi akayapanga yote, kwa namba, kwa mwaka na kwa rangi. Ukimwomba barua ya miaka kumi na tano nyuma anakuletea kabla hujakaa.

Tena aliingia stoo akayafungua yale magunia. Alizikuta kona za vyeti, elfu kwa maelfu, nyingine zina duara za chai. Akaanza kuzipanga kwa majina. Nikamuuliza anazipangia nini.

"Ni kumbukumbu, Mzee Chembera," alisema. "Kumbukumbu haitupwi."

Mwaka ukaisha, akaleta fomu yake. Mimi ndiye niliyeipeleka kwa Bwana Ndelembi. Nikaweka Dirisha kwenye mstari wa juu, kwa furaha kabisa, maana sijaona mtu mwenye uzoefu kama ule.

"Weka chini kidogo, Chembera," alisema Bwana Ndelembi.

Nikamwambia, "Bwana Mkurugenzi, huyu binti amepanga masjala nzima."

"Ndiyo maana. Akiondoka nani atanichemshia chai? Weka chini kidogo."

Nikaweka chini kidogo. Kwa hilo nilijichukia, na sisemi kwa kutania. Nilishuka ngazi na ile karatasi. Sikudhani akaisoma, akasaini daftari langu, akaenda kuosha vikombe. Mwaka wa pili ukaanza. Ulikuwa umebaki mwaka mmoja na siku mbili afikishe thelathini, na kazi ya Afisa Kumbukumbu wa wizara, ile ile aliyokuwa akiifanya bure, ilitangazwa gazetini kila mwezi. Kila mwezi ikakosa mwenye sifa.

*

Mwezi wa kumi wa mwaka ule wa pili, Mheshimiwa Kasikila alikuwa anatimiza miaka kumi ya uwaziri. Kwetu waziri aliyetimiza miaka kumi kamili huingia Baraza la Wazee wa Taifa, kwenye kiti cha ngozi, mpaka kufa. Suti ilishashonwa. Kilichobaki ni kumbukumbu ya utumishi wake, ukurasa mmoja, na kwa kuwa hakuna aliyejua majalada yako wapi isipokuwa mwanagenzi, kazi hiyo akapewa mwanagenzi.

Akanifuata kwenye benchi langu mchana, wengine wakiwa kwenye chakula.

"Shikamoo, Mzee Chembera."

"Marahaba, mwanangu."

"Wakati wa Homa, Mheshimiwa alifanyia kazi wapi?"

"Nyumbani kwake, mlimani."

"Kuna ushahidi?"

Hapa sina budi niwaeleze jambo ambalo pale wizarani sikuwahi kumweleza mtu. Mwaka wa pili wa Homa mke wangu, Mwanahawa, aliugua. Niliomba ruhusa siku mbili nimuuguze. Fomu yangu ikapita chini ya geti pamoja na nyingine sitini, na siku hiyo aliyeweka Dirisha alikuwa mlinzi wa geti, akaliweka mstari wa chini. Mheshimiwa akasaini. Sina hakika kama hata leo anajua. Nikapanda na kushuka ule mlima siku mbili zile kama kawaida, na siku ya pili, saa tatu asubuhi, wakati anasaini daftari langu kwamba amepokea, Mwanahawa alikuwa ameshakata roho na jirani ndiye aliyemfumba macho. Ukurasa huo ninao.

"Ushahidi upo," nikamwambia Sikudhani. "Madaftari manne. Saini yake iko kila siku, na mahali pameandikwa."

Nikainama, nikafungua ile kamba. Akayapokea kwa mikono miwili, akanisainia: siku, saa, mahali. Yule ni mtunza kumbukumbu kweli.

Siku tatu baadaye ukurasa ulikuwa tayari. Nataka ieleweke kwamba binti hakuficha chochote. Aliandika kwa herufi kubwa, juu kabisa: MIAKA KUMI YA UWAZIRI, MIWILI YA NYUMBANI KWA MUJIBU WA WARAKA NAMBA 19 INAHESABIWA MMOJA, JUMLA MIAKA TISA. Chini yake: Nimesoma, nimeelewa, nimekubali. Mwaka unaopungua nitaufidia kwa Uanagenzi wa Kitaifa. Aliambatanisha orodha ya viongozi wengine wote wa wizara, Bwana Ndelembi akiwa wa pili. Mtu mwenye macho angeusoma akiwa mlangoni.

Niliingia nao pamoja na karatasi nyingine mia na themanini. Mheshimiwa alikuwa kwenye simu na fundi nguo, wanabishana kuhusu vifungo. Nikaweka Dirisha, akasaini. Nilifurahi, furaha ya kweli kabisa, nikashuka zile ngazi mbili mbili kwa umri wangu huu.

*

Sherehe ilirushwa moja kwa moja katika televisheni. Mheshimiwa alihutubia dakika tisini. Alisema kizazi cha leo kinataka vitu vya mkato. Alisema yeye hakuruka hata hatua moja, na kwamba Waraka Namba 19 ndio urithi wake kwa taifa. Kisha akasogea kukaa kwenye kile kiti cha ngozi, na Jaji Mkuu, mama mmoja mfupi asiye na haraka, akavaa miwani asome kumbukumbu ya utumishi kama desturi inavyotaka.

"Miaka tisa," alisoma.

"Kumi," alisema Mheshimiwa, akiwa ameinama nusu.

"Hapa pameandikwa tisa. Hebu usikae kwanza."

Akasimama vile vile, hajakaa wala hajanyooka. Jaji akasoma ukurasa wote, polepole, pamoja na Waraka, pamoja na siku mia saba na kitu za madaftari yangu.

"Waraka ule ni wa wanafunzi," alisema Mheshimiwa.

"Umeandikwa mtu yeyote. Wewe si mtu?"

"Ni mtu, Mheshimiwa Jaji."

"Saini hii ni yako?"

"Ni yangu. Ila sikusoma."

"Imeandikwa hapa kwamba umesoma, umeelewa na umekubali." Akavua miwani. "Sasa ama ulisoma, ama umelidanganya taifa. Chagua moja, watu wanasubiri."

Akachagua kwamba alisoma.

Mawaziri waliokuwa wakichekelea safu ya mbele wakaanza kuhesabu kwa vidole, na vicheko vikaisha. Wote walikuwa wamefanyia kazi nyumbani. Jioni hiyo wakakutana kuufuta Waraka, lakini waraka hufutwa na kiongozi mwenye miaka kamili tu, na wakijitazama chumba kizima hapakuwa na mmoja. Wakampigia Mtukufu Rais, ambaye alikuwa safarini kama kawaida. Mtukufu akasema sheria ifuatwe. Kiti cha ngozi akampa shemeji yake, ambaye hajawahi kufanya kazi popote, kwa hiyo hajawahi kuifanyia nyumbani.

Hati ya uteuzi ya Mheshimiwa ikakatwa kona kwa mkasi ule ule, hadharani, kwenye uwanja ule ule. Wahitimu walijaa hadi juu ya uzio. Hawakushangilia, waliangalia mkasi.

*

Likabaki suala la nani awasimamie wanagenzi wapya. Sheria inataka msimamizi mwenye miaka kamili. Wakakagua wizara nzima, wakapata watu wanne waliokuja kazini kila siku wakati wa Homa: dereva mmoja, wafagizi wawili, na mimi. Nikafanywa Kaimu Msimamizi wa Masjala, nikapewa kiti.

Karatasi ya kwanza iliyofika mezani kwangu ilikuwa fomu ya Sikudhani Mbwilo. Zilikuwa zimebaki siku mbili afikishe miaka thelathini. Niliisoma mwanzo hadi mwisho, hata yale maandishi madogo ya mpiga chapa, kisha nikatia saini mstari wa juu. Akaenda mwenyewe stoo, kwenye herufi M, akaitoa kona yake. Mama yake akaishona kwenye cheti kwa uzi mweupe, kwa mkono, mishono midogo sana, na ndivyo kilivyopokewa kwenye usaili. Akaajiriwa Afisa Kumbukumbu akiwa na miaka ishirini na tisa na siku mia tatu sitini na nne. Nami nikastaafu usimamizi, nikamwachia kiti, nikarudi kwenye benchi langu. Wahitimu walipanga foleni miezi mitatu kuchukua kona zao, na kila mmoja alipewa ya kwake, hakuna iliyopotea.

Mwanagenzi Kasikila alianza kazi Jumatatu. Chai yake mwanzoni ilikuwa mbaya. Mwanagenzi Ndelembi ilibidi aibandue chati yake, korido hadi ofisini, akatumia wiki nzima. Mwaka ukapita hivyo, na Mwanagenzi Kasikila, niseme haki, alijifunza: alijua tangawizi, alijua kupanga majalada kwa rangi, na alikuwa haketi, kwa kuwa wanagenzi hawana kiti. Umri wake hauna tatizo la thelathini. Lakini baraza jipya la mawaziri lilikuwa linateuliwa wiki hiyo, na bila fomu hawezi kufikiriwa.

Alileta fomu yake mwenyewe kwa Sikudhani, akaishika kwa mikono miwili.

"Bi Afisa," alisema, "naomba tusahau yaliyopita. Mimi nimekwisha kuelewa."

Sikudhani akaipokea, akaiweka mezani.

"Cherehani ya mama yangu iko wapi?"

Kasikila akatazama chini ya meza, akatazama kabatini, kama mtu aliyeagizwa kitu akakisahau. Hakuwa na habari ni cherehani gani. Hapo ndipo nilipojua binti hatamsamehe, na mimi pia sikumsamehe, na usiku ule nililala vizuri.

"Kaa nje," alimwambia. "Utaletewa."

Alipotoka, Sikudhani akanigeukia. "Mzee Chembera, lile Dirisha lake lipo?"

Lilikuwepo. Kumbukumbu haitupwi. Nikalitoa chini ya meza, limechakaa, bado lina jina la kampuni ya maji ubavuni. Nikalipangusa kwa shati, nikalilaza juu ya fomu, tundu kwenye mstari wa juu, nikamtazama.

"Weka chini kidogo," alisema.

Nikaweka chini kidogo. Nilifikiria fomu yangu ile ya siku mbili za kumuuguza Mwanahawa. Sikudhani akasaini akiwa anaongea na mtu mwingine dirishani, wala hakuangalia mkono wake. Nikachukua karatasi na daftari, nikatoka koridoni alikosimama Kasikila.

"Tia saini hapa kwamba umepokea," nikamwambia. "Siku, saa, mahali."

Alishika kalamu. Kisha akaishusha, akaigeuza ile karatasi kwenye mwanga, akaanza juu kabisa, neno kwa neno, midomo ikicheza. Miaka yote niliyomtumikia, kumi kwa kalenda na tisa kwa sheria, ilikuwa mara ya kwanza kumwona anasoma kabla ya kusaini.